Injini inavuma, gari haliendi: jinsi ya kuitambua klachi iliyokwisha

Ukitoka Mwandiga kuelekea Manyovu, barabara inaanza kupanda kabla hujafika Kalinzi, na hapo ndipo klachi nyingi za mkoa huu wa Kigoma husema ukweli. Mjini, kati ya Gungu na Ujiji, gari lenye klachi mbovu linaweza kukuficha kwa miezi, kwa sababu mwendo ni mdogo na unatembea na gia ya pili au ya tatu. Lipeleke mlimani likiwa na abiria na madumu ya mawese, uko gia ya nne, kanyaga mafuta. Injini inapandisha sauti, mshale wa resi unapanda nayo, lakini miti na migomba ya pembeni inapita kwa mwendo uleule. Pengine polepole zaidi.

Mimi ni mwalimu wa ufundi magari katika chuo cha ufundi stadi hapa Kigoma. Wenye magari wanaofika karakanani kwetu kwa habari ya klachi husema moja kati ya mawili: "Mwalimu, gari limepoteza nguvu," au "Nimeambiwa klachi imekwisha." Nimejifunza kuwasikiliza wote kwa makini. Wa kwanza huwa anahangaika na chujio la dizeli na nozeli wakati klachi ndiyo iliyokwisha. Wa pili, si mara moja wala mbili, klachi yake ni nzima na ameshalipa pesa ya kushusha giaboksi. Ninaandika kwa ajili ya hawa wawili.

Tuanze na kilichomo ndani. Mwambie mwenzako ashike sahani bapa, wewe uibane katikati ya viganja vyako viwili kwa nguvu. Kiganja kimoja ni flaiwili, gurudumu zito la chuma ambalo limefungwa kwenye kranki (shafti kuu ya injini) na linazunguka muda wote injini inapowaka. Kiganja cha pili ni presha pleti, yenye springi kali inayosukuma kuelekea flaiwili. Sahani ya katikati ndiyo klachi pleti, nayo imevaa kwenye shafti inayoingia giaboksi. Viganja vikibana, sahani inazunguka pamoja navyo na gari linakwenda. Ukikanyaga pedeli, beringi ya klachi inasukuma ndimi za springi, viganja vinalegea, sahani inabaki huru, unabadili gia. Ni hivyo tu. Kazi yote ya kuvuta tani kadhaa kupanda Manyovu inategemea mbano huo na ukavu wa zile nyuso mbili.

Pleti mpya ya gari dogo ina unene wa kama milimita 8. Sehemu inayolika ni ule utando mgumu wa juu, uliopigiliwa kwa ribiti, yaani pini fupi za chuma, pande zote mbili. Vichwa vya ribiti vimezama ndani ya utando, na katika magari mengi ya Toyota kipimo cha mwisho ni milimita 0.3 tu kutoka juu ya utando hadi kwenye kichwa cha ribiti. Chini ya hapo pleti haina kazi. Juu ya meza yangu ya kufundishia ipo moja iliyopitiliza kipimo hicho. Ribiti zinang'aa kama sindano kwa sababu zilikuwa zinasugua chuma kwa chuma, na flaiwili iliyotoka nayo ina mifereji ambayo ukucha unakwama ndani yake. Ina madoa ya buluu pia, alama ya chuma kilichopata joto kali. Mwenye gari angekuja miezi miwili mapema, angenunua pleti na flaiwili ingepona.

Sasa, yule anayesema gari limepoteza nguvu ajiulize swali moja: resi zinapanda au hazipandi? Injini iliyochoka, au inayokosa mafuta au hewa, haipandishi resi. Unakanyaga, nayo inaguna palepale. Klachi inayoteleza ni kinyume chake: injini iko huru, inavuma vizuri, nguvu inapotea njiani kabla ya kufika kwenye magurudumu. Huko kuteleza huanzia gia za juu, kwa sababu huko ndiko klachi inakobeba mzigo mkubwa zaidi. Kwa hiyo usiseme "mbona gia ya kwanza linaondoka vizuri." Gia ya kwanza ni ya mwisho kulalamika. Ikifika zamu yake, huna muda tena.

Unaweza kupima gari likiwa limesimama. Tafuta sehemu tambarare, hakikisha hakuna mtu mbele wala nyuma, weka vigingi kwenye matairi, vuta hendibreki na ukanyage breki ya mguu. Washa injini, ingiza gia ya tatu, ongeza resi kidogo, kisha achia klachi taratibu bila kuirusha. Klachi nzima itaizima injini palepale. Ikichelewa kuzima, au ikaendelea kuunguruma kama hakuna kilichotokea, pleti inateleza. Fanya mara moja, kwa shaka mara mbili, basi. Ukirudiarudia utaichoma hata ile iliyokuwa nzima.

Pua nayo ni kipimo. Klachi inayoungua hutoa harufu kali, kama karatasi au gundi inayoungua, na hukujia baada ya mlima au baada ya kujikwamua kwenye tope. Ukiisikia mara moja siku gari lilipokwama, si msiba. Ukiisikia kila unapopanda kutoka stesheni ya reli kwenda Mwanga, lilete gari.

Kuhusu pedeli nataka niende polepole, maana hapa ndipo watu wanapoteza pesa. Ni kweli kwamba pleti inapolika, gari huanza kuondoka pedeli ikiwa karibu na juu kuliko zamani. Lakini pedeli yoyote inatakiwa kuwa na mchezo kidogo mwanzoni. Ibonyeze kwa vidole vya mkono: katika magari mengi ya Toyota utasikia ulegevu wa milimita 5 hadi 15 kabla haijaanza kuwa nzito. Ukikosa ulegevu huo, maana yake beringi inasukuma springi muda wote na viganja havibani sawasawa. Hapo hata pleti mpya itateleza, na dawa yake ni kurekebisha keble au fimbo ya pedeli, kazi ya dakika chache na spana. Fundi asiyegusa mchezo wa pedeli kabla ya kushusha giaboksi, mwombe aanze na hilo.

Gia kuwa ngumu kuingia, au rivasi kupiga kelele ya kusagana, ni ugonjwa mwingine kabisa. Hapo klachi haitelezi, bali haiachii. Mara nyingi mafuta ya klachi yamepungua, hewa imeingia kwenye bomba, au silinda ya juu au ya chini inavuja. Ukipampu pedeli mara tatu nne na gia ikaingia, umeshapata jibu nusu. Mafuta yanayotumika ni yale ya breki, DOT 3 au DOT 4 kama ilivyoandikwa kwenye kifuniko. Usiongeze oili ya injini hata kwa dharura, kwa sababu mipira ya ndani itavimba na kuharibika. Magari mengi klachi yake hunywa kikombe kimoja na breki, kwa hiyo uvujaji huo hauwezi kungoja mwisho wa mwezi.

Kelele nitazipitia haraka. Ikilia unapokanyaga pedeli, shuku beringi ya klachi. Ikilia ukiwa umeachia na kunyamaza ukikanyaga, shuku beringi ya mbele ya giaboksi.

Kutetemeka wakati wa kuondoka kunanikumbusha mzee mmoja mwenye Hiace ya abiria njia ya Kasulu. Alikuja akiwa amebadilisha pleti mara mbili ndani ya miezi mitano. Gari lilikuwa linaruka kama mbuzi kila linapoondoka kituoni, kisha linateleza mlimani. Tuliposhusha giaboksi, pleti ilikuwa bado nene, lakini nyeusi na yenye mng'ao wa mafuta. Nilipitisha kidole, kikatoka cheusi na utelezi. Sili ya nyuma ya kranki ilikuwa inavujisha oili moja kwa moja kwenye flaiwili. Nikamwita mzee aone mwenyewe. Akaishika pleti, akainusa, akaigeuza.

"Kwa hiyo mwalimu, zile mbili nilizotupa?"

"Zilikuwa na nyama ya kutosha, mzee wangu. Zililowa tu."

Sili ile ni kipande cha mpira cha bei ndogo sana ukilinganisha na pleti. Pleti iliyolowa oili, hata hivyo, haifuliwi kwa petroli ikarudi kazini, maana oili imeshazama ndani ya utando. Inabadilishwa, baada ya sili.

Madereva wengi hapa wanazimaliza klachi zao kwa balansi. Bajaji imesimama mbele yako mlimani, wewe unalishikilia gari kwa nusu ya klachi na mafuta kidogo lisirudi nyuma. Sekunde hizo zote pleti inasuguliwa huku gari halijaenda popote. Vuta hendibreki. Mguu wa kushoto nao ukae sakafuni ukiwa hubadili gia, kwa sababu uzito wa kiatu tu juu ya pedeli unatosha kulegeza mbano. Masika, ukinasa kwenye barabara ya udongo, shuka uchimbe na uweke matawi kabla hujaanza kupiga resi. Dakika tano za kung'ang'ania topeni zinaweza kula maisha ya mwaka mzima. Na wale wanaoteremka Manyovu wakiwa wamekanyaga klachi ili gari "lijiendee", ninawaomba sana waache. Unaiachia breki mzigo wote peke yake, na breki ikipata joto kwenye mteremko ule haishiki.

Ikithibitika kwamba pleti imekwisha, badilisha pleti, presha pleti na beringi kwa pamoja. Gharama kubwa ni kushusha na kupandisha giaboksi, na hutaki kuirudia kwa ajili ya beringi iliyoachwa. Flaiwili ipelekwe kuchongwa ikiwa ina mifereji. Dai uonyeshwe pleti ya zamani, uzitazame ribiti mwenyewe. Ukishakabidhiwa gari, kwa kilomita 500 za mwanzo usilipakie kupita kiasi wala kuondoka kwa fujo, ili nyuso mpya zikae.

Lipo jambo la mwisho, nalo ni kwa mafundi wenzangu na vijana wanaojifunza chini ya miembe. Ikifunguliwa klachi, hutoka vumbi jeusi laini, na mazoea ni kulipuliza kwa kompresa au kwa mdomo. Pleti nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, madini ya nyuzinyuzi yanayostahimili joto, na kwa kuitazama tu huwezi kuitofautisha na isiyo nayo. Vumbi la asbesto likiingia kwenye mapafu halitoki, na huleta kovu la mapafu na saratani baada ya miaka mingi, wakati kijana ameshakuwa baba wa familia. Lowesha kwa maji yenye sabuni, futa kwa kitambaa kibichi, kitambaa kitupwe kikiwa kimefungwa ndani ya mfuko. Ovaroli ivuliwe palepale karakanani, na ifuliwe peke yake, isiingie beseni moja na nguo za watoto.