Uchapishaji wa nano: saketi inayotoka kwenye wino

Seremala hupata kiti kwa kupunguza mbao. Mwashi hupata ukuta kwa kuongeza tofali juu ya tofali. Bodi nyingi za kielektroniki hutengenezwa kiseremala: shaba hutandazwa kote, kisha isiyotakiwa huondolewa kwa kemikali. Uchapishaji wa nano ni njia ya mwashi. Printa huweka wino panapotakiwa tu, tabaka juu ya tabaka, mpaka waya, sensa (yaani kihisi, si ya kuhesabu watu) au betri ndogo ikamilike.

Wino wenyewe si wa kawaida. Nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita, na unywele mmoja una unene wa nanomita kama 80,000. Ndani ya wino huelea chembe za fedha (madini, si pesa) zenye upana wa makumi machache ya nanomita, kila moja imevikwa utando mwembamba ili zisigandamane.

Hapa ndipo penye utamu wote. Kipande cha fedha huyeyuka kwenye nyuzi 962 za Selsiasi, joto ambalo plastiki haiwezi kulistahimili. Lakini chembe ikiwa ndogo kiasi hicho, sehemu kubwa ya atomu zake huwa usoni, na atomu za usoni hazishikwi barabara kama za ndani. Basi wino ukipashwa moto wa nyuzi 150 hivi, utando unaachia, chembe zinagusana, shingo inaota kati ya moja na jirani yake, na ule mstari wa wino unaanza kupitisha umeme. Plastiki iliyo chini yake imesalimika.

Ugumu upo kwenye kukauka. Kimiminika hukimbilia kingoni mwa tone kikiwa kimebeba chembe, kama doa la kahawa lenye ukingo mweusi, na katikati hubaki chembe haba. Dawa mojawapo ni kuchanganya viyeyushi vinavyokauka kwa kasi tofauti. Kwangu mimi, ustadi wa fani hii uko kwenye wino kuliko kwenye mashine.

Kwa udogo, printa hizi hazijaifikia transista ya kiwandani, ile swichi ndogo ya umeme iliyomo ndani ya chipu: mistari inayochapishwa kwa kawaida hupimwa kwa maikromita, yaani maelfu ya nanomita. Hata hivyo, mwaka 2013 Jennifer Lewis wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walichapisha betri ya lithiamu yenye ukubwa wa punje ya mchanga. Ncha ya printa ilijenga vichana viwili, kimoja cha hasi na kimoja cha chanya, meno yao yakipishana bila kugusana.