Matthew Perry: umaarufu, uraibu na maneno ya kafunda

"Umaarufu ndio uliomharibu." Hukumu hii hutolewa upesi kwenye kafunda, vile vibaa vya mitaani vya Kampala, mara nyingi na mtu mwenye chupa mkononi. Perry, mwigizaji aliyekuwa Chandler katika tamthilia ya Marekani ya Friends, anasimulia katika tawasifu yake ya Novemba 2022 kwamba alianza kulewa akiwa na miaka 14. Friends ilianza 1994, yeye akiwa na 25. Umaarufu ulimkuta mlevi tayari, ukamwongezea fedha.

"Dawa ya daktari si mihadarati." Dhana hii ndiyo inayotuumiza zaidi Uganda. Wakati wa kurekodi filamu, Perry alipata ajali ya pikipiki ya majini, akapewa Vicodin kutuliza maumivu. Baadaye alifikia kumeza vidonge 55 kwa siku. Vicodin ni ya jamii moja na afyuni, na tramadoli tunayoijua hapa ni ndugu yake. Mwili huizoea: kipimo cha jana leo hakitoshi, na ukiacha ghafla unatokwa jasho, unaharisha, mifupa inauma, usingizi hauji. Hapo mtu hamezi tena ili astarehe, anameza ili asiumwe. Dawa hizi pia hulegeza mwendo wa utumbo, choo kikakwama. Mwaka 2018 utumbo mpana wa Perry ulipasuka. Alilala wiki mbili bila fahamu, na jamaa zake waliambiwa nafasi yake ya kuishi ni asilimia 2. Lakini mitaani kwetu mlevi ni yule anayenuka waragi. Mwendesha boda anayeishi kwa tramadoli tunasema ana shida ya mgongo, basi.

"Angekuwa maskini, sawa; lakini tajiri anashindwaje kupona?" Misimu miwili ya mwisho ya Friends ilimlipa dola milioni 1 kwa kila kipindi, na mwenyewe alikadiria kwamba kujaribu kuacha ulevi kulimgharimu kama dola milioni 9. Fedha humleta daktari mzuri, na mbaya pia.

"Kitabu kimetoka, basi amepona." Alifariki tarehe 28 Oktoba 2023, mwaka haujatimia tangu kitoke. Wapo waliosema basi kitabu kilikuwa uongo, mimi siafiki. Uraibu ni ugonjwa unaoweza kurudi hata baada ya miezi mingi ya kujizuia, na kuusimulia vizuri hakumkingi msimulizi. Uchunguzi ulitaja ketamini kuwa chanzo kikuu cha kifo. Dawa hiyo si ngeni kwetu, hospitali nyingi huwatia nayo usingizi wagonjwa wa upasuaji. Perry alikuwa akitibiwa nayo sonona kihalali, ila dozi yake ya mwisho ya kliniki ilikuwa imepita zaidi ya wiki moja, na kiasi kilichokutwa mwilini kilikuwa cha mtu aliyetiwa usingizi ili apasuliwe. Kilitoka kwingine. Mwaka 2024 walishtakiwa watu watano, wawili kati yao madaktari. Wote walikiri makosa.