Je, wajua mvinje hupata wapi chakula kwenye mchanga mtupu wa pwani?

Ukienda Coco Beach, Dar es Salaam, jioni, au ukivuka kwenda fukwe za Kigamboni, mara nyingi mti utakaokupa kivuli ni mvinje. Ni mrefu, na hata upepo mdogo ukipita unauvumisha. Sasa chota mchanga wa chini yake. Hauna mboji, haushiki maji, na chumvi ya bahari inaufikia kila siku. Mchicha ukipandwa hapo hauchukui wiki. Mvinje, ukipapenda mahali, huweza kurefuka mita mbili hadi tatu kwa mwaka katika miaka yake ya mwanzo. Unakula nini?

Jibu liko mizizini. Ukifukua taratibu karibu na shina unaweza kukuta vinundu vya kahawia vilivyoshikana kama tumbawe dogo, vingine vikubwa kama ngumi. Humo wanaishi bakteria waitwao Frankia. Hewa tunayovuta ni naitrojeni kwa takriban asilimia 78, lakini mmea hauwezi kuitumia ikiwa bado hewa. Frankia huigeuza kuwa amonia, na mti huitumia hiyo kujenga protini zake. Nao mti huwapa bakteria sukari. Ni kibarua chenye malipo, kila upande unapata chake.

Wakulima wetu wanaijua habari hii kwa kunde, choroko na karanga. Ila mvinje si wa jamii ya kunde hata kidogo, na bakteria wake ni wa kundi jingine kabisa. Mimi naona hilo ndilo la ajabu zaidi: mimea isiyo ya ukoo mmoja imefikia mapatano yaleyale na viumbe tofauti, chini ya ardhi.

Chakula peke yake hakitoshi, kuna kiu pia. Wengi huuona mvinje wakadhani ni msonobari, kwa sababu ya zile sindano za kijani. Okota moja uivute polepole mpaka ikatike. Itakatikia kwenye kiungo, na hapo ukitazama kwa makini utaona meno madogo mno, sita hadi nane, yamezunguka pande zote. Hayo meno ndiyo majani. Ile sindano yenyewe ni kijitawi kinachofanya kazi ya jani, na vitundu vyake vya kupumulia vimejificha ndani ya vifereji vyembamba, upepo wa bahari usivikaushe. Hata vile vinavyofanana na koni ni matunda, na kila mbegu ina bawa dogo la kupeperukia.

Asili ya mti huu ni Asia ya Kusini-Mashariki, Australia na visiwa vya Pasifiki. Kwetu umeshakuwa mwenyeji: miti yake hujengea, na kuni zake huwaka vizuri na kwa moto mkali.

Anayetaka kuona nguvu yake aangalie Mombasa. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kupanda miti kwenye machimbo ya saruji ya Bamburi, mahali palipobaki mwamba mtupu wa matumbawe na maji yenye chumvi. Alijaribu aina 26, na mvinje ukawa miongoni mwa chache zilizostahimili. Shida ikawa sindano zilizoanguka, kwani haziozi upesi. Haller akaleta majongoo, yakazitafuna, kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo. Leo pale ni msitu wenye wanyama, na unaitwa Haller Park.

Tandiko hilo la sindano lina ubaya wake. Mimea mingine huota kwa taabu chini yake, ndiyo maana huko Florida, Marekani, mvinje unahesabiwa kuwa mti mvamizi. Tena mizizi yake mingi hutambaa juujuu. Kwenye fukwe zinazoliwa na bahari, kama Kunduchi, mawimbi yakiondoa mchanga mti huanguka mzima mzima. Kwa hiyo mvinje ni wa kuzuia upepo na mchanga unaopeperuka, usitegemewe kusimama badala ya ukuta wa bahari.

Kama una kiwanja Kigamboni au Mbweni na unataka kuotesha miche, chota udongo kidogo chini ya mvinje mkubwa, ule wenye vipande vya mizizi, uchanganye kwenye viriba. Mbegu hazibebi Frankia ndani yake, na mahali ambapo mvinje haujawahi kuota huenda bakteria hao hawapo, miche ikabaki ya njano na kudumaa. Mwagilia mpaka mizizi ishike. Ukiihamishia kiwanjani, ipande mbali na nyumba na mbali na ukingo unaomeguka.