Saa ya mkononi na matumbo joto ya mtihani: teknolojia ya kuvaliwa ya stresi ni kitu gani hasa

Ukisikia watu wanaongelea teknolojia ya kuvaliwa ya kuwasaidia wanafunzi na stresi usiwaze mashine kubwa ya hospitali, ni saa janja, bangili, pete, wakati mwingine mkanda wa kifuani, yaani kitu chochote chenye sensa, kile kihisi cha kupima, unachoshinda nacho mwilini, chenyewe kinausoma mwili kimyakimya halafu kinakushtua au kinajaribu kukutuliza. Kuvaa sio kazi. Kasheshe iko kwenye hilo neno stresi, maana hakuna saa inayopima stresi. Inapima jasho na moyo, basi, hayo mengine inakisia.

Tuanze na jasho. Chukua mwanafunzi wa chuo mwaka wa kwanza, ana sapu mbili, yaani mitihani ya kurudia, anaogopa disko, yaani kuondolewa chuo, bumu, ile hela ya mkopo, halijaingia, na kesho saa mbili asubuhi ana UE, mtihani wa mwisho wa muhula. Feni inazunguka lakini viganja vimelowa. Ile mishipa ya fahamu inayouamsha mwili ujiandae kupigana au kukimbia ndo hiyohiyo inayofungulia tezi za jasho, na ngozi yenye unyevu inapitisha umeme vizuri kuliko ngozi kavu. Daktari mmoja Mfaransa, Charles Féré, aliliona hili tangu 1888, kwamba ukimshtua mtu ngozi yake inabadilika kiumeme, na bangili za leo zinafanya jambo lilelile, zinapitisha kaumeme kadogo ambako wala hukasikii na kuangalia kanapita kwa urahisi gani. Tatizo ni kwamba tezi hizo zimejaa zaidi viganjani na kwenye nyayo, na hakuna mtu atakayekaa anaandika notisi huku kafungwa waya kiganjani, kwahiyo wabunifu wanahamia kwenye kifundo cha mkono ambako dalili ni hafifu. Halafu jasho la joto nalo ni jasho. Mtu wa Dar mwezi wa kwanza ndani ya daladala anaweza kusomeka kama ana hofu kuu kumbe anataka tu dirisha lifunguliwe.

Moyo ndo unanifurahisha zaidi. Geuza saa janja nyingi utaona kitaa cha kijani kinawakawaka, damu inaunyonya ule mwanga, kila pigo likipita damu inaongezeka kidogo na mwanga unaorudi unapungua, hivyo saa inajua pigo limepita. Wengi wanadhani inahesabu tu moyo unakwenda mbio kiasi gani. Hapana, inatazama nafasi kati ya pigo na pigo. Mapigo 60 kwa dakika hayana maana kwamba kila pigo linakuja baada ya sekunde 1 kamili, moja linakuja baada ya 0.9, linalofuata 1.1, na ukiwa umetulia hiyo tofauti inakuwa kubwa kwa sababu ukivuta pumzi moyo unaharakisha kidogo, ukiitoa unapunguza. Ukiwa na msongo tofauti inapungua, moyo unapiga sawasawa kama saa ya ukutani. Kwahiyo moyo uliopangika sana sio dalili nzuri, kinyume na vile mtu angefikiri. Saa za Garmin kwa mfano zinachukua hizo tofauti na kukupa namba kati ya 0 na 100, chini ya 26 umepumzika, juu ya 75 mwili umekaza sana.

Sasa hapo ndo pa kuwa makini. Mwili ukiamka hausemi umeamka kwa ajili ya nini. Umepanda ngazi ghorofa nne, umekunywa kahawa, una homa, Simba na Yanga dakika ya 88, yule unayempenda kakaa siti ya jirani, vyote hivyo vinaweza kuleta namba ya juu. Kwenye maabara wanazunguka tatizo hili kwa kuitengeneza stresi wenyewe, kuna jaribio maarufu la Chuo Kikuu cha Trier, Ujerumani, la mwaka 1993, unasimama mbele ya jopo la watu wasiocheka unajieleza kama uko kwenye usaili wa kazi, ukimaliza unaambiwa anza na 1022 ukitoa 13 kwa sauti, 1009, 996, ukikosea unarudi mwanzo. Hata kulisoma tu linaumiza. Lakini programu iliyofundishwa na data ya chumba kile, ikija kwenye maisha ya bweni yenye makelele na mpira wa jioni, inayumba.

Ikishahisi, ifanye nini? Njia ya kijinga ni kukutumia meseji "una stresi", na mimi naona hiyo inaongeza stresi juu ya stresi. Njia ya pili ni kukuongoza upumue taratibu, na hii ina mantiki kwa sababu pumzi inaugusa moyo moja kwa moja kama nilivyosema hapo juu. Njia ya tatu ni ya ujanja kidogo. Kuna kifaa kiliitwa doppel, kinagusagusa upande wa ndani wa kifundo cha mkono kama pigo la moyo ila taratibu kuliko moyo wako, na mwaka 2017 watafiti wa Royal Holloway, Chuo Kikuu cha London, waliwavalisha watu waliokuwa wanasubiri kuhutubia, wakawaambia kinapima presha. Wale ambao kwao kilikuwa kimewashwa hawakutoa jasho la hofu kama wenzao na wenyewe walisema wasiwasi ulikuwa mdogo. Hakuna meseji wala namba, mwili unadanganywa kiungwana.

Ila kwa mwanafunzi faida kubwa naiona kwenye wiki nyingi, sio kwenye dakika moja. Mwaka 2013 chuo cha Dartmouth, Marekani, wanafunzi 48 walifuatiliwa wiki 10 kwa simu tu, sensa zake pamoja na maswali mafupi waliyojibu humo, na ilionekana muhula ulivyosogea na kazi kurundikana, stresi ikapanda huku usingizi na maongezi na wenzao vikishuka. Kifaa kikikuonyesha kwamba wiki ya tatu sasa unalala masaa manne tu kwa usiku, hilo unaweza kulifanyia kazi kabla UE haijafika. Na kama hofu inakuzuia hata kula au kuingia darasani, hapo nenda kwa mshauri wa wanafunzi au hospitali, saa haitibu.

Kuna swali wabunifu wengi wanaliacha mwisho: hizo data anaziona nani? Mwaka 2019 shule moja ya msingi kule Jinhua, China, iliwavalisha watoto mikanda ya kichwani yenye taa, rangi inabadilika kulingana na mtoto anavyozingatia somo, mwalimu anaona na mzazi anapata ripoti. Picha zikasambaa, watu wakachachamaa, ikasitishwa. Yale yalikuwa ya umakini sio stresi lakini kosa ni lilelile, mtoto anayejua hofu yake inasomwa na mwalimu wa nidhamu atakuwa na hofu mbili.

Na kwetu huku yapo mengine. Vifaa vingi vinataka simu ya kuunganisha, na wanafunzi wengi wa sekondari hawaruhusiwi simu shuleni, kwahiyo kifaa lazima kijitegemee na chaji ikae siku kadhaa maana soketi za bweni unazijua. Melanini, ile rangi ya asili ya ngozi, nayo inanyonya ule mwanga wa kijani, anayebuni bila kujaribu kwenye ngozi nyeusi anajidanganya. Halafu chumba cha mtihani chenyewe hakiruhusu saa janja, inabaki kwenye begi nje, kwahiyo mbunifu mwenye akili anatengeneza kitu cha kukufundisha usiku wa kusoma, vuta pumzi ukihesabu 4, itoe ukihesabu 6, mara sita kwa dakika, mpaka uweze kuhesabu bila yenyewe.