Siku tatu Madrid, na bado mnatafuta msosi saa moja jioni

Dhana: Hispania chakula kibaya, halafu jioni migahawa imefungwa.

Hii ndo inanichosha kuliko dhana zote za wateja wangu. Mtu namkatia tiketi, nambukia hoteli katikati ya Madrid, anarudi ananiambia kule hakuna chakula. Namuuliza mlikuwa mnatoka kula saa ngapi? Saa moja jioni. Sasa jamani, saa moja jioni jiko la mgahawa wa maana limezimwa tangu saa kumi na haliwashwi tena mpaka saa mbili na nusu usiku. Inayokuwa wazi muda huo ni ile ya Plaza Mayor na mitaa yake, picha za chakula zimebandikwa mlangoni na mtu anakuita uingie, unalishwa wali wa njano uliopashwa moto kwa bei ya kuumiza, halafu lawama inapewa nchi nzima.

Ukweli ni kwamba wenyeji wanakula mlo mkubwa kati ya saa nane na saa kumi mchana, na usiku wanakula saa tatu mpaka saa tano. Na msiniambie ni uvivu. Angalia ramani, Madrid iko magharibi kuliko London lakini saa yao iko mbele ya London kwa saa nzima, maana mwaka 1940 serikali ya Franco, dikteta wao wa wakati huo, ilisogeza saa iwe sawa na ya Ujerumani na haikurudishwa tena. Mwisho wa Juni jua la Madrid linazama karibu saa nne kasorobo usiku, kwa hiyo mwenyeji anayekaa mezani saa tatu na nusu anakula kabla jua halijazama, na wewe uliyezoea giza la saa moja unaona watu wamechanganyikiwa.

Ninachowaambia wateja na nitaendelea kuwaambia: hela yako ya chakula itumie mchana. Jumatatu mpaka Ijumaa migahawa mingi ya kawaida ina menú del día, mlo wa bei moja, serikali ndo iliagiza kitu hicho miaka ya 1960 na desturi ikabaki mpaka leo. Unapata sahani ya kwanza, mfano dengu au supu, ya pili samaki au nyama, mkate, kinywaji, na kitu kitamu au kahawa, mara nyingi yuro 13 mpaka 16 hivi. Mgahawa uleule ukirudi usiku unaagiza kimoja kimoja na bili inapanda. Ukishashiba saa kumi, saa moja jioni huna hata hamu, unatembea zako, usiku unakula kidogo. Una watoto? Ingia baa yoyote, baa hazifungi mchana, agiza tortilla, ya kule ni mayai na viazi, ndugu kabisa wa chipsi mayai zetu, watakula na watalala.

Jumapili usiku na Jumatatu sehemu nyingi hazifungui, panga mapema.

Dhana: paella, ule wali wa njano, ndo chakula cha Madrid. Ya Valencia hiyo, tena ni ya mchana, na ikipikwa kwa ajili yako unasubiri nusu saa au zaidi. Ikifika dakika tano baada ya kuagiza, ujue ilishapikwa zamani.

Dhana: tapas, zile sahani ndogo za vitafunio, ni bure. Granada ndiyo, unaagiza kinywaji unaletewa na sahani. Sevilla na Barcelona unalipa.

Dhana: nimeagiza mboga, kwa hiyo niko salama. Hapa Waislamu nisikilizeni vizuri. Nguruwe wa kule anaingia kila mahali, maharage mabichi yanakuja na vipande vya jamón, yaani paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi, salmorejo, supu ya baridi ya nyanya, inanyunyiziwa jamón juu, na biskuti za mantecado zina mafuta yake. Uliza kabla ya kuagiza, na Madrid nendeni mtaa wa Lavapiés, kuna Wabangladeshi, Wamoroko na Wasenegali, halali ipo na bei nzuri.

Dhana: hafbodi, yaani kulipia hoteli pamoja na brekfasti na mlo mmoja, inaokoa hela. Mtu wa siku tatu analipia chakula cha hotelini ili iweje? Hata brekfasti iache kama haimo kwenye bei, hoteli nyingi zinadai zaidi ya yuro 15 wakati baa ya jirani mkate wa kuchoma na nyanya na mafuta ya zeituni, na kahawa, ni kama yuro 4.

Dhana: hoteli ilituibia Barcelona, wametudai hela nyingine tulipofika. Ile ni kodi ya watalii, ya kila mtu kwa kila usiku, na mara nyingi haimo kwenye bei uliyolipa mtandaoni. Madrid hawana.

Na chumba cha kuangalia mtaa mnachoking'ang'ania, katikati ya Madrid watu wako barabarani mpaka saa nane usiku wanaongea. Ombeni kinachoangalia uani, hakina mandhari lakini mtalala, na mara nyingi bei yake ni ya chini.