Mbio za baiskeli za hatua: mshindi hupatikanaje?

Mwaka 2017 Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, alitwaa Tour de France, mbio kubwa za baiskeli za Ufaransa, kwa mara ya nne bila kushinda hata hatua moja kati ya zote 21. Halikuwa jambo la utata, kwa sababu mbio hizi haziangalii umekuwa wa kwanza mara ngapi. Zinaangalia saa.

Mbio za hatua ni mashindano ya baiskeli za barabarani yanayoendeshwa kwa siku kadhaa mfululizo. Kila siku ina pa kuanzia, pa kumalizia na mshindi wake, na safari hiyo ya siku moja ndiyo inayoitwa hatua. Tour du Rwanda kwa kawaida ina hatua nane hivi. Tour de France, Giro d'Italia na Vuelta ya Hispania zina hatua 21 kila moja, kwa muda wa wiki tatu zenye siku chache za mapumziko. Muda wa mwendeshaji hujumlishwa kila siku, na mwenye jumla ndogo kuliko wote huvaa jezi ya kiongozi kesho yake: ya njano Ufaransa, ya waridi Italia, nyekundu Hispania. Mashindano ya dunia yaliyofanyika Kigali Septemba 2025 ni kitu kingine kabisa. Pale mbio za barabarani ni za siku moja, na anayevuka mstari mbele ya wenzake ndiye bingwa.

Watazamaji wapya huchanganywa zaidi na jinsi muda unavyoandikwa. Wakifika watu 90 wakiwa wamebanana, hawapewi muda 90 tofauti. Wote huandikiwa muda wa yule aliye mbele kabisa ya kundi. Muda mpya huanza pale kundi linapokatika, na pengo hupimwa kutoka gurudumu la nyuma la mtu wa mwisho wa kundi la kwanza hadi gurudumu la mbele la anayefuata. Kikawaida pengo la sekunde 1 linatosha kuhesabiwa. Kwenye hatua zinazotarajiwa kuishia kwa mbio fupi za kasi huruhusiwa pengo la hadi sekunde 3 bila kuhesabiwa, ili watu wasigombanie nafasi na kuangushana bure. Kwa kawaida anayeanguka au kupata pancha ndani ya kilomita 3 za mwisho za hatua tambarare huandikiwa muda wa kundi alilokuwa nalo. Hatua ikiishia kileleni mwa mlima, huruma hiyo haipo.

Halafu kuna sekunde za zawadi. Kwenye hatua za kawaida za Tour de France wa kwanza hupunguziwa sekunde 10, wa pili 6, wa tatu 4. Tuseme Juma anamtangulia Ali kwa sekunde 12. Leo wanafika kundi moja, Ali wa kwanza, Juma wa ishirini: tofauti inabaki sekunde 2. Kesho wanafika pamoja tena, Ali wa tatu, anapunguziwa 4. Jezi imehamia kwa Ali kwa sekunde 2, na Juma hakuachwa barabarani hata mara moja. Sekunde hizo si mchezo. Kwenye Tour de France ya mwaka 1989 Mmarekani Greg LeMond alimshinda Mfaransa Laurent Fignon kwa sekunde 8 baada ya zaidi ya kilomita 3,200. Siku ya mwisho ilikuwa ya kushindana na saa, kila mtu peke yake, kilomita 24.5 kutoka Versailles hadi Paris. Fignon alianza akiwa mbele kwa sekunde 50, akazipoteza zote.

Kushindana na saa ndiko kunakoonyesha upepo unavyogharimu. Ukiwa peke yako unaukata wewe. Ukiwa ndani ya kundi, waliotangulia wanaukata kwa niaba yako na miguu inapumzika. Ndiyo maana timu za Tour de France huwa na waendeshaji wanane lakini mara nyingi ni mmoja tu anayewania jezi ya njano. Waliobaki humkinga na upepo, hurudi nyuma hadi kwenye gari la timu, hujaza chupa za maji mifukoni na hata mgongoni ndani ya jezi, kisha hupambana kurudi mbele kuzigawa. Kiongozi akipata pancha mbali na gari, mmoja wao humvulia gurudumu lake, au humwachia baiskeli nzima kama urefu wao unalingana. Bila watu hao kiongozi hafiki wiki ya tatu.

Si kila mtu anawania muda. Kwenye Tour de France jezi ya kijani hutolewa kwa pointi: mshindi wa hatua tambarare hupata 50, wa hatua ngumu ya milima hupata 20 tu. Kwa hiyo inawapendelea wenye kasi ya mwishoni. Biniam Girmay wa Eritrea aliitwaa 2024 baada ya kushinda hatua tatu, Mwafrika mweusi wa kwanza kufanya hivyo. Kwenye jumla ya muda hakuwa hata karibu na viongozi, wala hakuhitaji kuwa.

Hata hivyo, hata mtu wa kasi hawezi kujiendea anavyotaka milimani. Kila hatua ina ukomo wa muda, asilimia fulani juu ya muda wa mshindi, kulingana na ugumu wa njia na kasi ya siku hiyo. Mshindi akitumia saa 5 na ukomo ukiwa asilimia 12, una dakika 36 za ziada. Ukizipita umetolewa. Mwingereza Mark Cavendish, mmoja wa watu hao wa kasi, alitolewa hivyo kwenye milima ya Alps mwaka 2018. Kundi kubwa likichelewa pamoja majaji wanaweza kulisamehe, ndiyo maana wasiojua kupanda milima hushikamana na kupiga hesabu pamoja njia nzima.

Anayetolewa, au anayeshindwa kumaliza hatua, harudi kesho, na timu hairuhusiwi kuingiza mwingine. Wakibaki watano kati ya wanane, watamaliza hao hao watano.