Fangji moja, mimea miwili

Wagonjwa wangu wa kisukari wakishaambiwa kuwa mkojo una protini, yaani figo zimeanza kuumia, wengi huinamisha sauti: "Daktari, na zile dawa za Kichina?" Siwakemei. Ila kabla ya kujibu huwasimulia habari ya fangji.

Kwa Kichina, fangji ni jina la mizizi ya mimea zaidi ya mmoja. Hanfangji ni Stephania tetrandra. Guangfangji ni Aristolochia fangchi, yenye asidi ya aristolokia, sumu inayoua seli za mirija ya figo na kuacha makovu kimyakimya. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, huko Brussels, wanawake waliotaka kupungua unene walimezeshwa mmea wa pili kwa jina la ule wa kwanza. Madaktari wa huko walitoa taarifa mwaka 1993. Walioathirika walifika takriban 100. Wengi wao figo zilikufa kabisa, na baadhi walipata saratani ya njia ya mkojo miaka kadhaa baadaye. China ilipiga marufuku guanmutong, mmea mwingine wa jamii hiyo, mwaka 2003.

Sasa fikiria figo ambayo sukari imeshatoboa vichujio vyake. Haina akiba ya kuhimili kosa la namna hiyo.

Je, zipo zinazosaidia? Leigongteng, mmea mwingine wa dawa za Kichina, hupunguza protini kwenye mkojo, hilo halina ubishi, lakini huumiza ini na kuharibu uwezo wa kuzaa, wanaume kwa wanawake. Huangkui hutokana na maua ya mmea ulio ndugu wa bamia, na hospitali za China huwapa wagonjwa wa figo vidonge vyake. Huu ndio ninaoufuatilia kwa matumaini. Kinachonisumbua ni kwamba tafiti nyingi za dawa hizi ni ndogo na za muda mfupi: zinapima protini, hazisubiri kuona nani ameepuka mashine ya kuchuja damu. Losartan, dawa ya presha ya hospitalini, ilisubiriwa. Utafiti wa RENAAL wa mwaka 2001 ulifuata wagonjwa 1,513 wa kisukari wenye figo zilizoumia kwa zaidi ya miaka mitatu, na hatari ya figo kufa ilipungua kwa asilimia 28.

Wala sidharau mimea. Dawa mpya za kisukari na figo za kundi la dapagliflozin chimbuko lake ni florizini, iliyotolewa kwenye gome la mtufaha mwaka 1835.

Kuna na gancao, mzizi mtamu unaotiwa kwenye michanganyiko mingi ya Kichina. Ukizidi mwilini, hushikilia chumvi, hupandisha presha na kushusha potasiamu. Kwa mwenye kisukari, presha ndiyo inayomalizia figo.

Kwa hiyo ukija kliniki, niletee pakiti yenyewe, jina ulilokariri halinitoshi. Nitatafuta herufi hizi: 广防己 (guangfangji), 关木通 (guanmutong), 马兜铃 (madouling, wa jamii hiyo hiyo ya Aristolochia). Nikikuta mojawapo, unaacha siku hiyo hiyo na tunapima kreatinini, taka ya damuni inayoonyesha figo zinavyofanya kazi. Pakiti isiyo na maandishi yoyote naihesabu vivyo hivyo.